Viatu vya Kaporali

Jumamosi iliyopita tulikuwa uani kwa Zuhura, Kasingirima, wanawake tisa tumelizunguka sinia la vitunguu, tukimwandalia binti yake harusi. Mawese yalikuwa yanachemka jikoni, kitunguu saumu kinatwangwa, na kila mmoja wetu alikuwa analia na kucheka kwa wakati mmoja. Ndipo Bi Mwanaidi, shangazi yake Zuhura, ambaye siku hizi anatembea kwa fimbo lakini ulimi wake haujapata kuchoka, akaanza habari ya farasi. Huisimulia kila harusi. Huanza hivyo hivyo, kwa kuweka kisu chini na kufuta mikono kwenye kanga, ili mikono ipate nafasi ya kumwonyesha farasi.

"Basi jamani, farasi kavishwa mahameli! Bibi harusi mwenyewe, huyu Zuhura mnayemwona, kavaa satini, farasi kavaa mahameli. Anakuja na bwana harusi juu, matari yanalia, vigelegele mpaka ziwani. Kufika pale kwenye mtaro, farasi kapiga magoti kama anaswali. Salumu huyooo, kanzu juu, kichwa ndani ya beseni la migebuka!"

Tukacheka. Salumu mwenyewe, ambaye sasa ni baba wa bibi harusi, alipita na gunia la mkaa akatikisa kichwa kama mtu aliyekwisha kuzoea kudaiwa samaki. Kicheko kilikuwa kinaelekea kuisha chenyewe, na habari ingeishia hapo kama inavyoishia siku zote, lakini Rehema, bibi harusi wetu, akauliza kitu ambacho hakuna aliyepata kukiuliza.

"Kwani yule farasi alikuwa mgonjwa, bibi?"

"Alikuwa mikononi mwa Mrundi, mjukuu wangu. Mrundi kamtesa mnyama mpaka miguu inavuja damu, halafu akatuletea harusini kama mzima."

"Alimtesaje?"

"Nitajuaje mimi? Watu wale walikuja na mambo yao."

Kisu changu kilisimama katikati ya kitunguu. Nimeisikia habari hiyo kwenye harusi nyingi, na kila mara nimecheka. Nimecheka kwa sauti kuliko wengine, maana mwenye kunyamaza hutazamwa. Hilo naliandika kwanza, kabla ya kosa lenyewe, kwa sababu kosa lilichukua mchana mmoja na kicheko kimechukua miaka yangu yote.

Mwaka ule wa farasi nilikuwa na miaka kumi na tisa, na nilikuwa na cherehani yangu kwenye baraza moja Ujiji, nyumba iliyopakana na ya Mzee Hamisi, baba yake Zuhura. Baraza tuligawana na Fundi Issa, aliyekuwa anachonga katambuga kwa matairi ya malori. Upande wake palinuka mpira, upande wangu palinuka mkaa wa pasi na kitambaa kipya. Mchana mke wa Fundi Issa alituletea ugali wa muhogo na dagaa waliokaangwa kwa mawese, tukala sote kutoka sahani moja, na mabishano ya barabarani yakawa kitoweo cha pili. Mwaka ule mabishano yote yalikuwa ya wakimbizi wa vita kutoka Burundi. Walikuwa wanashuka kutoka Manyovu kwa miguu, wengine wanaletwa na mitumbwi usawa wa pwani, magodoro yamefungwa kwa kamba, masufuria kichwani, watoto wamelala migongoni. Malori yaliwachukua yakawapeleka kambini. Kukaa mjini bila kibali hakukuruhusiwa, ingawa kila mtaa ulikuwa na mtu ambaye kila mtu alijua, na hakuna aliyesema.

Nestori, yule Mrundi, aliingia Ujiji asubuhi moja akimwongoza farasi. Naikumbuka sauti kabla ya sura: sauti ya mtaa mzima kunyamaza. Farasi alikuwa wa rangi ya chai ya maziwa, mrefu, mbavu zake zinahesabika, na alikuwa anakanyaga kama mtu anayetembea pekupeku juu ya changarawe saa saba mchana. Kila hatua aliifikiria. Yule mtu naye alitembea kwa mwendo huo huo, polepole, kama vile miguu iliyokuwa inauma ilikuwa yake.

Alikuwa mtunza farasi kwenye klabu moja ya wazungu huko Bujumbura. Wazungu waliondoka na ndege. Kiswahili chake kilikuwa cha Buyenzi, kitaa cha Waswahili wa kule, kimechanganyika na Kirundi, kwa hiyo Waha wa Ujiji, ambao lugha yao ni ndugu na Kirundi, walimwelewa hata pale alipokosa neno. Mzee Hamisi, aliyekuwa balozi wetu wa nyumba kumi, alitoka nje na kikombe cha kahawa mkononi akamtazama farasi kuanzia masikio hadi mkia.

"Wenzako wanakuja na masufuria," akasema, "wewe umekuja na farasi. Utampikia nini?"

"Masufuria yalikuwa nyumbani, Mzee," akajibu. "Mimi nilikuwa kazini."

Watu walianza kucheka, kisha wakaacha. Hakuna aliyemuuliza zaidi habari ya nyumbani, siku ile wala baadaye. Mzee Hamisi alinywa kahawa yake mpaka ikaisha, akasema ua wa nyuma alikokuwa akifuga mbuzi ulikuwa mtupu. "Kaeni hapo wewe na mgeni wako. Anaitwa nani?"

"Kaporali."

"Lo! Na cheo anacho."

Siku ya tatu Nestori alikuja barazani kwetu. Nikamwamkia, "Shikamoo, Mzee Nestori," akaitika, "Marahaba, mwana wanje," yaani mwanangu kwa Kirundi, ingawa hakuwa mzee wa kiasi hicho, pengine miaka arobaini. Alitaka viatu vya farasi. Fundi Issa aliweka kisu chini. "Mimi nashona viatu vya waja wa Mungu." Nami, kwa mdomo niliokuwa nao wakati ule, nikauliza, "Na farasi kaumbwa na nani?" Nestori akacheka, mara ya kwanza kumwona akicheka, akasema, "Dada huyu ndiye fundi." Sifa ile ilinikaa mwilini siku nzima. Naisema kwa sababu kupenda sifa ndiko kulikonipeleka nilikofika.

Alinichukua mpaka uani, akauinua mguu wa mbele wa Kaporali, akaubana katikati ya magoti yake. Alinieleza kuwa farasi yule alizaliwa na nyayo nyembamba, kwa hiyo tangu udogo alivishwa vyuma, akatembea kwenye mchanga na majani ya klabu tu. Vyuma viling'oka njiani kimoja kimoja. Mawe ya milimani yakafanya yaliyobaki. "Weka kidole hapa," akasema. "Panatakiwa pawe pagumu kama meza. Bonyeza." Nikabonyeza, na unyayo ukabonyea chini ya kidole changu. Kaporali akashusha pumzi ndefu, ngozi ya bega lake ikatetemeka kama maji yanapoguswa na upepo. Sikuwa nimejua mpaka siku ile kwamba kiumbe mkubwa kiasi kile anaweza kuwa na mahali laini hivyo, na kwamba ndipo anapobebea uzito wake wote.

Tulivishona viatu vinne kwa wiki moja. Fundi Issa alikata soli za tairi huku akinung'unika, baada ya Nestori kumsimamisha farasi juu ya boksi la karatasi na kuchora kila mguu, kama tunavyochora mguu wa mteja wa katambuga. Pande za juu nilishona kwa turubai, mikanda ikawa ya mpira wa ndani wa tairi, na uzi nilitumia nailoni ya kushonea nyavu, kwa sababu hakuna uzi mwingine uliohimili. Ugumu ulikuwa kisiginoni, pale nyama laini inapokutana na kwato. Nailoni ile hukata. Nestori akachukua blanketi lake la kijivu, lile walilogawiwa wakimbizi mpakani, akaazima mkasi wangu na kulikata vipande, tukavishonea ndani vikazunguka kisigino kama kola. Viatu vikatoka vibaya sana kwa macho. Kaporali alivivaa, akasimama kidogo akiyafikiria mambo, kisha akatembea. Alitembea mpaka ukutani na kurudi. Nestori aligeuka akatazama ukuta kwa muda mrefu.

Baada ya hapo ndipo mafunzo yalipoanza. Asubuhi anavishwa, alasiri anavuliwa. Viatu vinaoshwa, vinaanikwa, mchanga wote unatolewa, kisha kabla ya kumvisha tena unapitisha kidole ndani, ukizunguka mshono wote. Alinifanya nifanye hivyo mbele yake mara nyingi nikachoka. "Mtu kiatu kikimbana atasema," aliniambia. "Huyu hasemi, mwana wanje. Kidole chako ndicho mdomo wake."

Miezi ikapita. Kaporali akanenepa kwa majani ya pembeni mwa ziwa na maganda ya viazi ya mtaa mzima. Akabeba watoto siku za sikukuu, akabeba madumu ya maji ya vikongwe, na watu wa Ujiji, wanaojua kuzoea kitu haraka, wakawa wanamsalimia kwa cheo. Hata hivyo nilisikia mengine. Chumba nilichokuwa napimia wateja kilipakana na baraza la Mzee Hamisi, na dirisha lake halikuwa na kioo. Siku moja nikiwa nimepiga magoti napima mguu wa mteja, nilimsikia Mzee Hamisi akiongea na mtendaji wa kata.

"Mzee wangu, sheria unaijua," mtendaji akasema. "Kila mkimbizi kambini. Nikiulizwa huko juu nitasema nini?"

"Acha harusi ya binti yangu ipite. Bwana harusi ataingia juu ya farasi. Wewe utakuwepo, utamwona mtu mwenyewe, utamwona mnyama alivyo na adabu. Ukiridhika, uniandikie barua akae kwangu kama mtu wangu wa kazi."

"Na nisiporidhika?"

"Basi lori lije. Mimi sitasimama njiani."

Kwa hiyo nilijua. Watu wengine wangeweza kusema hawakujua. Mimi nilijua kwamba makao ya Nestori yalikuwa yamefungwa kwenye miguu minne ya farasi, na kwamba miguu hiyo ilikuwa ndani ya viatu nilivyoshona mimi.

Wazo la kumpandisha bwana harusi farasi lilikuwa la Bi Mwanaidi. Alikuja uani wiki mbili kabla ya harusi kumkagua Kaporali, kanga begani, midomo imebetuka. "Katambuga!" akapiga kelele. "Jamani, farasi wa harusi kavaa katambuga!" Akainama akaona yale mavimbe ya blanketi kwenye visigino. "Na hapa mbona kama ana matende?" Wanawake walioandamana naye waliangua kicheko. Mimi nilikuwa nimesimama pale pale na pini mdomoni. Ni kazi yangu waliyokuwa wanaicheka, nami nikacheka nao, nikasema, "Hivyo ni vya mazoezi tu, shangazi. Vya harusi nitashona vingine." Bi Mwanaidi akanipa mahameli mekundu, rangi ya damu ya mzee, yaliyobaki kwenye mito ya chumba cha bibi harusi, na utepe wa dhahabu.

Nestori hakupinga. Aliniletea kipande cha mwisho cha blanketi lake, kile alichokuwa bado anajifunikia. Ulikuwa ni wakati ambao upepo wa ziwani asubuhi unauma masikio. Nikamwambia, "Sasa utajifunika nini?" Akasema, "Nchi yenu ina joto." Akalikunja blanketi mara nne na kulipiga piga kwa mkono kabla ya kunipa, kama mtu anavyompigapiga mtoto mgongoni anapomkabidhi kwa jirani.

Nilikata mahameli nikilifikiria lile neno la matende. Nilitaka viatu vyembamba, vilivyokaa mguuni kama glavu mkononi, vitu ambavyo mtaa mzima ungevitazama na kuuliza fundi ni nani. Nikakata kwa kipimo cha mguu mtupu. Nilipojaribu kuingiza blanketi, mahameli hayakufunga. Hayakuwa yamebaki mengine. Ningeweza kwenda kwa Bi Mwanaidi nikasema nimekosea kukata. Ningeweza kumwambia Nestori, naye angesema turudishe katambuga, na bwana harusi angeingia juu ya farasi mwenye matende, na watu wangecheka kidogo, na jioni ingeisha. Badala yake nilishona kisigino kitupu, nailoni juu ya turubai, turubai ndani ya mahameli, nikaweka utepe wa dhahabu kuzunguka. Blanketi la Nestori nililitandika mezani nikapigia pasi gauni la Zuhura. Lilifaa sana. Sijapata kitandiko cha pasi kilichokaa vizuri vile.

Nilijiambia ni mwendo mfupi. Kutoka kwao Salumu, Kasingirima, mpaka kwa Mzee Hamisi, mara moja, kwa hatua za harusi. Nilijiambia mengi, na yote yalikuwa na sauti ya mtu mwenye busara.

Siku ya harusi, baada ya alasiri, nilivipeleka viatu mwenyewe kwao Salumu. Umati ulikuwa umeshajaa, wapiga matari wanakanza ngozi kwenye moto wa karatasi, na Kaporali, ambaye hakuwahi kusikia tari, alikuwa ameinua kichwa, macho meupe. Nestori alikuwa ameshika kamba kwa mikono miwili karibu kabisa na kidevu cha farasi, akimnong'oneza Kirundi. Alikuwa amevaa shati jeupe la Mzee Hamisi. Hakuweza kuiachia kamba. Kwa hiyo nilipiga magoti mimi, nikamvisha mimi, mguu mmoja baada ya mwingine, na wanawake wakapiga kigelegele kwa kila mguu.

"Mwajuma," Nestori akaniita kutoka juu. Aliniita kwa jina mara chache. "Ndani kuna blanketi?"

"Lipo."

"Umepitisha kidole?"

"Nimepitisha, Mzee Nestori."

"Urakoze, mwana wanje," akanishukuru, akamgeukia farasi wake.

Nimejaribu mara nyingi kuipima ile "lipo". Haikunichukua hata muda wa kupepesa jicho. Ilitoka nyepesi, yenye heshima, kama ninavyowajibu wateja wanaouliza kama nguo itakuwa tayari Ijumaa.

Mwanzoni alitembea vizuri, na watu walivitazama viatu, na nilisikia nilichotaka kukisikia: "Nani kashona?" "Mwajuma, yule wa baraza la Fundi Issa." Kisha hatua zikaanza kufupika. Nestori aligeuza kichwa akatazama miguu. Mahameli yalikuwa mekundu, yanang'aa, hayakuonyesha kitu. Akanitafuta kwa macho kwenye umati, akanipata. Nikamtingishia kichwa kwamba mambo yako sawa. Akaendelea. Aliendelea kwa sababu yangu, hatua kama mia mbili nyingine, na Kaporali naye akaendelea kwa sababu ya Nestori. Walipofika kwenye mtaro ulio karibu na wauza samaki, farasi alitakiwa kuruka kidogo tu. Aliruka, uzito wote ukaangukia miguu ya mbele, magoti yakakunjika. Sehemu hiyo Bi Mwanaidi haongezi chumvi. Salumu aliangukia kwenye beseni la migebuka, kanzu juu, na hata matari yalicheka.

Nestori hakumtazama Salumu. Alikuwa chini, anafungua mikanda. Alivua kiatu cha kwanza akaingiza kidole ndani, akakizungusha, kama alivyonifundisha. Kidole kilitoka na damu. Akakirudisha tena, taratibu, akitafuta. Nilijua anatafuta nini. Alipoinua uso alinitazama mimi moja kwa moja, na usoni mwake hapakuwa na hasira. Palikuwa na swali tu, kama la mtu aliyesimamishwa barabarani akaulizwa jambo kwa lugha asiyoijua.

"Nini hiki?" Mzee Hamisi alikuwa amefika, kofia mkononi, mtendaji wa kata nyuma yake. "Umeniletea mnyama mgonjwa? Mbele ya wageni wangu?"

"Viatu havina kosa," Bi Mwanaidi akadakia. "Vimeshonwa vizuri, kila mtu anaona. Miguu ndiyo imeoza. Hakumtunza!"

"Sema, Nestori," Mzee Hamisi akasema. Sauti yake ilikuwa inaomba. Sasa najua kwamba ilikuwa inaomba. "Ilikuwaje?"

Nilikuwa nimesimama hatua nne kutoka pale. Nilikuwa na muda. Watu hudhani aibu kubwa hutokea haraka, kabla mtu hajapata kufikiri, lakini mimi nilipata muda wa kuwatazama wote mmoja mmoja, wa kusikia mbwa akibweka nyuma ya soko, wa kuhisi jasho likishuka nyuma ya goti. Nestori aliniangalia mpaka alipoona kwamba sitasema. Ndipo akasimama.

"Kumtunza ni kazi yangu, Mzee," akasema. "Sikuangalia."

Kwa miaka mingi niliamini kwamba alinifichia. Nilijifariji hivyo, nikamfanya mtakatifu ili nipunguze uzito. Sasa sina hakika. Nadhani alisema alichokiamini: kwamba mtu aliyekabidhiwa miguu isiyoweza kusema hapaswi kulichukua neno la mtu mwingine, hata la msichana aliyemfundisha mwenyewe. Kosa alilolikubali lilikuwa ni kuniamini.

Lori lilikuja Jumatatu. Nilikwenda uani asubuhi hiyo, sijui kwa nini, labda ili nisamehewe bila kuomba. Alikuwa anaosha visigino vya Kaporali kwa maji ya vuguvugu na chumvi. Hakunifukuza. Alinionyesha kiasi cha chumvi, alinionyesha namna ya kukausha kwa kugusagusa bila kusugua. Viatu vya katambuga vilikuwa vimeoshwa vimepangwa ukutani, jozi mbili, kola zake za blanketi zimelika.

"Blanketi liko wapi?" akauliza.

"Lipo nyumbani."

"Basi vishonee kola mpya. Akipona mvishe hivi. Bila hivi hawezi mawe."

Nikasema nitashona. Blanketi wakati huo lilikuwa limeshaungua na pasi, alama nyeusi tatu katikati, nami niliona aibu kulionyesha, kana kwamba hiyo ndiyo ilikuwa aibu yangu. Nilikwenda kumwosha farasi siku mbili. Siku ya tatu watoto walinifuata wakiimba "Mke wa Kaporali," na siku ya nne sikwenda. Mzee Hamisi, ambaye hakutaka tena kumwona mnyama yule, alimtoa kwa mtu wa kusomba mchanga huko Bangwe. Nilimwona mara moja tu baada ya hapo, nikiwa nakwenda kupeleka nguo. Alikuwa anapanda njia ya mawe kutoka ufukweni, mifuko ya mchanga ubavuni, pekupeku, akiifikiria kila hatua. Nilikuwa nimevaa viatu vipya vya ngozi. Nikashika njia nyingine.

Miaka miwili baadaye nilikwenda kuuza magauni kwenye soko la kambi alikopelekwa Nestori. Nilikaa pale kutwa nzima. Mtu mmoja tu ningemuuliza, angenielekeza. Niliuza magauni yote nikarudi na lori la jioni. Baadaye watu wa kambi ile walirudishwa kwao, na sikujua tena kama kulikuwa na mtu wa kumuuliza.

Hayo yote yalinipitia mkono ukiwa juu ya kitunguu, na Rehema bado alikuwa anamtazama Bi Mwanaidi akingoja jibu la alimtesaje.

"Hakumtesa," nikasema.

Kelele za jikoni ziliendelea kidogo. Nikarudia. Nikasema ndani ya viatu vile palitakiwa pawe na blanketi, na mimi sikuliweka, na aliponiuliza nilimwambia lipo.

"Blanketi gani?" Bi Mwanaidi akauliza.

Hakuna aliyejua. Nilitazama nyuso zote nane, na hapakuwa na hata mmoja aliyewahi kusikia habari ya blanketi. Ikabidi nianze tangu mguu ulioinuliwa na kidole kilichobonyeza. Mmoja alicheka katikati, akidhani bado tuko kwenye mzaha, kisha akajishika mdomo. Nilipomaliza, vitunguu vilikuwa vimeisha, na Bi Mwanaidi alikuwa ameshika fimbo yake kwa mikono miwili, ghafla mzee kabisa.

"Alikuwa anaitwa nani?" Rehema akauliza.

"Nestori." Sikuwa nimelitamka jina hilo kwa sauti tangu siku ya lori.

Zuhura alikuwa anakusanya maganda ya vitunguu kwenye ungo, moja moja. "Baba alijua?"

"Hakujua."

"Mwezi wake wa mwisho, kitandani, aliniuliza," akasema. "Eti yule Mrundi wa farasi, alifika kwao? Mara tatu aliniuliza. Nikamwambia, baba, achana naye, mtu wa kutesa wanyama." Akatikisa ungo, maganda yakaanguka jalalani. "Nilimjibu kama nilivyosikia."

Nilingoja aniambie nitoke. Alinawa mikono, akaikausha vizuri, akaingia ndani. Alirudi na gauni la Rehema, lile jeupe nililolishona mimi kwa miezi miwili, akakaa kwenye mkeka mbele yetu sote na kuligeuza ndani nje. Akaanza begani. Alipitisha kidole juu ya kila mshono, taratibu, mkono kwa mkono, kiuno, pindo, bila kuniangalia, nami nilikaa pale na kisu changu mpaka alipomaliza.